Canon RF 100-400 nimeipeleka Ruaha mara mbili, niwaambie ilivyo

Nina mwaka na kidogo na hii lenzi na juzi ndo nimerudi nayo Ruaha mara ya pili, kwa hiyo naona naweza kuisemea bila kuropoka. Mi niko Dodoma, mkate wangu ni harusi na mikutano, wanyama napiga kwa mapenzi tu, so kama unataka ushauri wa mtu anayeuza picha kwa magazeti ya nje huyo sio mimi.

Naanza na uzito manake ndo ulionifanya niinunue. Gramu 635! Yani chupa ya maji ya nusu lita na ka-nyongeza. Shemeji yangu niliyeenda naye ana Sigma 150-600 ile Contemporary, hiyo ni gramu 1930 na bado hujaweka adapta ya kuifunga kwenye bodi (kamera yenyewe) za R, zile Canon mpya zisizo na kioo, mara tatu ya yangu. Tumepanda basi la asubuhi kwenda Iringa, mi kamera iko mapajani lenzi juu, yeye begi lake limekuwa kama abiria wa tatu, konda anataka liende kwenye buti, jamaa kagoma, wamebishana mpaka nikaona aibu mimi.

Safari ya kwanza tulipita na gari la kuazima tukasimama Mtera, sio pale kwenye ukuta wa bwawa (pale kamera naiweka begini kabisa, sitaki maswali), mbele kidogo wanapouza samaki. Furukombe katulia juu ya mti mkavu ndani ya maji, mbali. Hapo niseme ukweli, 400 (milimita, mwisho wa zumu yangu, namba ikikua ndo inavuta mbali zaidi) haikutosha. Bodi yangu ni R10, sensa yake ndogo inakupa muonekano kama wa 640 hivi, na bado ndege alikuwa kadogo nikaja kumkata kwenye kompyuta mpaka picha ikachoka. Shemeji kavuta 600 yake kapata hadi jicho. Akanicheka, "Shem, hiyo yako ni ya kupigia bibi harusi."

Haya, tukaingia Ruaha. Tembo wamekatiza barabara hatua kama kumi na tano kutoka kwenye gari, mama na mtoto, na mibuyu nyuma, na dereva kashazima injini. Mi nikarudisha zumu hadi 100 nikapata familia nzima na mbuyu wao. Jamaa lenzi yake inaanzia 150, kwenye sensa kama yangu hiyo ni kama 240, kapata sikio. Sikio na nusu ya mkonga. Nikamwambia bibi harusi ndo huyo kafika, mpige basi.

Watu wengi wanaponiuliza lenzi ya mbugani wanauliza tu "inafika ngapi", hawaulizi inaanzia ngapi. Hifadhini huruhusiwi kutoka nje ya barabara, sawa, ila Ruaha kiangazi wanyama wanashuka mtoni na barabara nyingi zinafuata mto, kwa hiyo tandala, twiga, tembo unakutana nao karibu kuliko unavyodhani. Kama wewe ni wa ndege, hapo sibishani, tafuta 600.

Ubaya wake mkubwa ni giza. Ukifika 400 ni f/8, yani tundu la kuingiza mwanga ni dogo (namba ya f ikikua mwanga unapungua), basi. Alfajiri tumekuta simba kwenye mchanga wa mto jua halijatoka vizuri, nikitaka shata ya 1/500 ya sekunde, ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga) inaruka 8000, picha ina chenga kama uji wa ulezi ulioungua. Kitulizaji chake ni kizuri, Canon wanasema stopu 5.5 (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu), na kweli mkono ukitetemeka kinasaidia, lakini hakimtulizi simba anayetembea. Ila na ile Sigma ni f/6.3 ukifika 600, tofauti haifiki hata stopu moja, shemeji naye alikuwa analia chenga vilevile. Ukitaka kumaliza hilo tatizo unaingia kwenye zile 400 za f/2.8 na hapo ni bei ya IST na mafuta yake.

Na mchana kuanzia saa tano hivi weka kamera chini ule. Hewa ya moto inacheza juu ya ardhi, mnyama wa mbali anatoka kama yuko chini ya maji, halafu mtu anaenda kusema lenzi mbovu. Hakuna lenzi inayotibu hilo, sogea karibu au subiri jioni.

Dirishani usihangaike na tripodi. Nilijaza choroko kilo mbili kwenye kimfuko nikakishona, unakilaza kwenye mlango unaegesha lenzi, injini izimwe. Kilo moja tulikuja kuipika Iringa.

Vumbi sasa. Hii lenzi haijazibwa dhidi ya vumbi na maji kama zile za L, za daraja la juu za Canon zenye mstari mwekundu, na vumbi la huku kwetu mnalijua. Mi naivalisha foronya muda wote gari linatembea, na sibadilishi lenzi ndani ya gari hata iweje. Hudi, kile kikinga mwanga cha mbele ya lenzi, haimo kwenye boksi, unanunua mwenyewe, na filta ni ya milimita 67. Ilipotoka 2021 Marekani ilikuwa dola 649, huku wauzaji wanajipangia, kwa hiyo uliza maduka matatu kabla hujatoa hela, na uijaribu kwenye bodi yako hapohapo dukani, manake ni ya RF, kwenye Canon za zamani haiingii kabisa.