Mashine ya dole ya mahudhurio: watoro inawakamata, ila sababu haikwambii

Naona wengi mnauliza hizi mashine za kusaini kwa dole zina maana au ni kupoteza hela. Sisi tunaitumia kwenye kiwanda kidogo cha tofali huku Mbagala, tuliichukua Kariakoo.

Mwanzo tulikuwa na daftari, na daftari bana ni usanii mtupu, mmoja anawasainia wenzake watatu, Jumatatu asubuhi limejaa majina ila kwenye mchanga huoni mtu. Hilo limeisha kabisa. Mwisho wa mwezi unachomeka flashi unapata kila mtu kaingia saa ngapi katoka saa ngapi, kelele za siku ya mshahara zimepungua sana.

Shida ni vidole. Saruji inawala wafyatuaji hadi alama zinafutika, mtu yupo hapo hapo anabonyeza mashine inamkataa mpaka anatukana. Ukiwaruhusu namba ya siri umerudi kulekule, wanapeana. Tukawasajili vidole vingi kila mmoja, hadi kile kidogo cha kushoto, na lazima unawe kwanza, angalau. Kama kazi yenu ni saruji au gereji tafuteni ya kusoma sura, hata kama bei imechangamka.

Halafu muuzaji hakwambii hili: mashine inaandika tu hayupo. Mwenye malaria, aliyeenda kuzika na aliyelewa jana wote kapu moja. Bosi kuona ripoti ya kwanza akataka kufukuza mtu palepale, kumbe jamaa ana ED ya hospitali, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi, na sheria ya ajira ya 2004 inatoa hadi siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili zinazobaki nusu, mradi awe na cheti cha daktari. Hata mtoro wa kweli, kanuni zinasema zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ndo kosa la kumwondoa, na bado unamwita ajieleze, ukiruka hapo mtakutana CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Kwa hiyo daftari limerudi, ila la sababu tu, na aliyekosa anaongea na msimamizi kabla hajashika koleo. Hapo ndo tukagundua wengi wanaokosa Jumatatu ni walewale wanaopigishwa ovataimu Jumapili, tukawapangia zamu, utoro ukashuka kuliko mashine ilivyoushusha.

Betri yake ulizeni kabla ya kulipa, ya kwetu umeme ukikatika haimalizi siku. Nyota tatu na nusu. Mkiwa watu watano tu, hiyo hela nunueni toroli.