Uzoefu wangu: kumsoma Tony Miles kwa hifadhidata ya michezo ya sataranji

Nyota nne kati ya tano. Natumia hifadhidata ya bure ya mtandaoni inayokusanya michezo ya mashindano ya sataranji, na mchezaji niliyemfuatilia humo zaidi ya wote ni Tony Miles wa Uingereza. Wengi wanamjua kwa pambano moja tu. Mwaka 1980 huko Skara, Sweden, kwenye mashindano ya timu za Ulaya, bingwa wa dunia Anatoly Karpov, akicheza na vipande vyeupe, alifungua kwa e4, yaani askari wa mbele ya mfalme hatua mbili (herufi na namba hutaja mraba wa ubao), naye Miles akajibu kwa kusogeza askari wa pembeni hadi a6, jibu adimu sana. Akashinda.

Sifa kubwa ya hifadhidata hii ni ubao wake. Unakwenda mbele na kurudi nyuma hatua kwa hatua, na injini ya uchambuzi, programu inayopima kwa namba nani ana nafasi bora, unaiwasha au kuizima unapotaka. Mchezo wa Skara unatosha kukuonyesha faida yake. a6 inamwandalia njia askari wa pili aende b5, kisha askofu anakaa b7 na kumwinda askari wa e4 kutoka mbali. Injini haiupendi ufunguzi huu, yaani hatua hizi za mwanzo, hata kidogo. Papo hapo inaupa upande mweupe nafasi bora. Lakini endelea kusogeza. Karpov anasukuma e5, farasi wa Miles anatua d5, na taratibu kila kipande cheusi kinapata kazi. Hatua ya 24 malkia wa Miles anakula askari wa b2, na hatua inayofuata anakula wa e5. Karpov anafidia kwa kula askari mmoja pale d7, ila tayari yuko nyuma, na katika hatua ya 46 mambo yamekwisha.

Ushauri wangu: mara ya kwanza upitie mchezo huo injini ikiwa imezimwa. Namba za injini zinakwambia nani anaongoza, lakini hazioni kwamba Karpov, mtu aliyeandaa ufunguzi wake kwa miaka ametolewa nje ya njia zake zote tangu hatua ya kwanza.

Kinachonikera ni kichujio cha ufunguzi. Kila ufunguzi hupangwa kwa msimbo, lakini a6 haina wake; imetupwa kwenye B00, kapu la majibu yote adimu dhidi ya e4. Ukiandika jina la Miles pamoja na B00 ukitarajia a6, unakutana na michezo mingi ya kusogeza farasi hadi c6, jibu jingine lisilo la kawaida ambalo alilitumia sana miaka ya baadaye. Inabidi ufungue mmoja mmoja. Kwa mtu anayetaka kujifunza a6 peke yake, huo ni usumbufu mtupu.

Kichujio cha mwaka ndicho kilichonifanya niipende huduma hii. Hapo unamwona Miles mzima: bingwa wa dunia wa vijana, Manila, 1974, mwaka 1976 mzaliwa wa kwanza wa Uingereza kuwa grandmasta (cheo cha juu kabisa cha sataranji) kwa michezo ya ana kwa ana, si ya barua, bingwa wa nchi yake 1982. Sehemu kubwa ya michezo hiyo inaanza kwa hatua za kawaida kabisa, na ushindi unapatikana mwishoni, vipande vikiwa vimebaki vichache, kwa subira na hesabu safi. Anayemwita mtu wa vituko kwa sababu ya a6 hajaifungua michezo hii. Vipigo navyo vimo: mwaka 1986 huko Basel, Garry Kasparov alimfunga pointi 5.5 kwa 0.5, na kila mchezo umehifadhiwa.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu hifadhidata haina nafasi ya maelezo. Chukua Tilburg 1985. Utaona Miles amegawana nafasi ya kwanza na Robert Hübner na Viktor Korchnoi, basi. Huelezwi kwamba mgongo ulikuwa unamuuma kiasi cha kushindwa kukaa, akacheza michezo kadhaa akiwa amelala kifudifudi kwenye meza ya kukandia, na kwamba wapinzani walilalamika. Ukijua hilo, unaisoma michezo ile kwa jicho tofauti kabisa. Mstari mmoja wa maelezo juu ya kila shindano ungetosha.

Ukiifungua kwa ajili ya Miles, panga kwa mwaka, anzia 1974. Skara utaifikia tu.