Seva ya Kolibri bila intaneti katika shule iliyopakana na Ruma: uzoefu wangu

Nafundisha sayansi na hisabati katika shule ya msingi iliyopakana na Mbuga ya Taifa ya Ruma, bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay. Netiweki kwetu ni ya kupanda kilima kuitafuta. Kwa hiyo walimu wenzangu, hiki kijisanduku nakipendekeza kwa moyo wote, ila msikiache na masomo ya watu wa mbali peke yake.

Chenyewe ni Raspberry Pi 4, kompyuta inayoenea kiganjani, iliyowekwa Kolibri, programu ya bure ya kujifunzia bila intaneti, ya shirika la Learning Equality. Kikiwashwa kinatoa waifai yake, watoto wanaunganisha vishikwambi na kufungua masomo bila bando. Nilipakua masomo nikiwa Homa Bay mjini, nikachagua mada tunazohitaji tu, maana ukichukua kila kitu memori kadi inajaa mara moja. Menyu inapatikana kwa Kiswahili. Gharama ilikuwa chini ya shilingi 30,000, kwa sababu vishikwambi tulikuwa navyo kabatini tangu mradi wa serikali ulioanza 2016.

Ripoti za mwalimu ndizo zilizonishika. Nilizifungua baada ya zoezi la Gredi 6 nikaona karibu darasa zima limekwama kwenye kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, tena kwa kosa lilelile: wanajumlisha asili kwa asili. Kwa kusahihisha madaftari ningechukua wiki kuligundua. Kesho yake tulianzia hapo. Video nyingi za hisabati ni za Kiingereza cha Marekani, chenye inchi na dola, hivyo huwa nazisimamisha katikati nieleze.

Tunakiwasha kijisanduku saa ya chakula cha mchana. Watoto wanaokaa upande wa uzio wa mbuga hawawezi kubaki shuleni jioni, kwani jua likizama nyati na fisi wako njiani.

Sasa jambo lenyewe. Kolibri Studio inamruhusu mwalimu kutengeneza chaneli yake ya masomo, akaweka picha (ndani ya faili la PDF), sauti, video na maswali. Kazi hiyo inahitaji intaneti, lakini ikishaisha unaihamishia kwenye kijisanduku. Yetu inahusu korongo (yule swala mkubwa, si ndege) na mbung'o. Ruma ndiko korongo wa mwisho wa Kenya waliobaki porini, na ni wachache mno. Mvulana mmoja wa Gredi 5 aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka uso ukajaa kioo, akawaonyesha wenzake mabaka meusi na meupe na masikio marefu yenye vishada vya nywele nchani. Amezaliwa hapohapo kando ya uzio, na hadi siku hiyo wote kwake walikuwa swala tu.

Kuhusu mbung'o tulimrekodi mzee wa kijiji akisimulia jinsi malale yalivyosumbua Lambwe na jinsi nagana, yaani malale ya mifugo, ilivyomaliza ng'ombe. Tukaongeza picha za mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi inayotundikwa vichakani. Watoto wameipita mitego hiyo miaka yote bila kujua kwamba buluu ndiyo inayomvuta mdudu. Somo hilo sijaambiwa na mtoto hata mmoja kwamba ni gumu.

Tatizo kubwa lilikuwa umeme. Muuzaji alitupa chaja ya kawaida ya simu, ilhali Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Ikawa inajizima katikati ya somo, kisha siku moja stima ilipotea na memori kadi ikaharibika pamoja na kumbukumbu za wanafunzi. Iliniuma sana. Ukinunua, dai chaja yake halisi, ongeza pawa benki inayoweza kuchajiwa huku ikitoa umeme, na uweke nakala ya kadi mahali pengine.

Shule ya jirani tayari imechukua chaneli yetu kwa flashi diski. Walimu wa karibu na Saiwa Swamp, nyinyi mna nzohe, swala wa kwenye vinamasi. Wa Kakamega mna msitu mzima. Mkirekodi vya kwenu, tubadilishane.