Nililipia Kuonja Mvinyo wa Dodoma, Nikanyimwa Jina la Shamba

Nimekulia katika kijiji cha wakulima wa zabibu mkoani Dodoma na mvinyo wa kwetu ninaunywa kwa fahari, ndiyo maana ninaandika haya nikiwa na hasira ambayo wiki kadhaa zimeshindwa kuipoza. Nililipia ziara ya kuonja mvinyo katika kiwanda kimoja kilichopo nje kidogo ya jiji, ziara iliyotangazwa kwamba humwonyesha mgeni safari nzima ya zabibu kutoka shambani hadi kwenye glasi, na nilipouliza shamba lenyewe ni lipi nilinyamazishwa mbele ya wageni wenzangu. Jina la kiwanda naliacha. Majengo, bei na viti vya bustanini sitavizungumzia, kwa kuwa sina ugomvi navyo.

Kijana aliyetutembeza alikuwa na sauti nzuri na maneno mengi yaliyopangwa. Tulipopewa glasi ya kwanza nilimuuliza zabibu zake zimetoka wapi. Akasema, "Dodoma, mama." Nikamuuliza Dodoma ya upande gani, kijiji kipi, na kama ni mavuno ya wakati wa mvua au ya kiangazi. Hapo uso ukambadilika. "Mama yangu," akasema, "wenzako wanakuja hapa kufurahi. Mambo ya mashamba nenda ukawaulize watu wa kilimo." Baadhi ya wageni walicheka. Wifi yangu, ambaye nilimwalika kutoka Mbeya ili aone kitu ambacho mkoa wetu unajivunia, aliinamisha macho kwenye glasi yake, na mimi nikajiona nimefanywa mtu msumbufu kwa kuuliza jambo ambalo nililipa niambiwe.

Mtu anayelijibu swali hilo kwa neno "Dodoma" peke yake hajajibu kitu. Mizabibu ya mkoa huu ina historia na ina anwani zake. Wamisionari Wakatoliki walipanda Bihawana, kwenye njia ya kwenda Iringa, katika miaka ya 1950, na kutoka huko kilimo kikasambaa. Leo kuna mashamba ya Mpunguzi kusini, ya Mvumi kusini-mashariki, ya Chamwino kwenye barabara ya Morogoro, ya Hombolo kaskazini-mashariki ambako kuna bwawa, na ya Veyula na Makutupora upande wa kaskazini, ambako ndiko kilipo kituo cha utafiti kilichoipa jina zabibu yetu nyekundu maarufu. Kote huko kuna ukame, lakini si kote udongo unafanana, wala si kila mkulima ana maji ya kumwagilia. Mzabibu unaotegemea mvua pekee kwenye kichanga chekundu huzaa zabibu tofauti na mzabibu uliolazwa kwenye waya na kunyweshwa kwa matone. Anayenunua mchele sokoni huuliza kama ni wa Kyela kabla hajauliza bei, na hakuna muuzaji anayemwambia aende wizarani.

Swali la msimu lilikuwa na uzito kuliko hata lile la kijiji, na hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba kijana yule hakufundishwa chochote. Dodoma ipo karibu na ikweta, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na haina majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu kama ilivyo Ulaya. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na kwa sababu hiyo anavuna mara mbili kwa mwaka: mara moja kwenye Machi, na mara ya pili kwenye Agosti na Septemba. Mavuno ya Machi huiva mvua ikiwa bado inanyesha, punje hunywa maji mengi, utamu hupungua, na ukungu wa ubwiri hushambulia vishada kiasi kwamba mkulima hukimbilia kuvuna kabla ya wakati ili asipoteze kila kitu. Mavuno ya kiangazi huivia kwenye jua kali la mchana na usiku wenye ubaridi, kwa hiyo sukari hupanda na ule uchachu unaoupa mvinyo uhai haupotei. Mvinyo wa misimu hiyo miwili, hata ukitoka shamba moja, hauwezi kuwa sawa mdomoni. Sasa mtu anayekaa na chupa hizo kila siku anawezaje kuona swali hilo ni usumbufu?

Nilikusudia kuishia hapo na kuwaambia wasomaji wasikanyage. Lakini haki inanilazimu nieleze glasi ya tatu.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu tamu, ya kawaida. Ya pili, nyekundu kavu ya zabibu ya Makutupora, ilikuwa na ukakasi mkali wa maganda na mbegu ambao haukuwa na kitu cha kuusindikiza. Ya tatu ilikuwa nyeupe kavu ya Chenin Blanc, zabibu ambayo asili yake ni bonde la mto Loire huko Ufaransa lakini imeizoea nchi yetu vizuri, na niseme wazi kwamba ilikuwa miongoni mwa mvinyo bora niliowahi kuonja kutoka mkoa huu: safi, wenye uchachu uliokaa mahali pake, wenye harufu ya tunda na ya majani mabichi, usiolemea ulimi. Wifi yangu, ambaye si mnywaji, aliomba aongezewe. Wala uzuri huo haukunituliza. Uliniongezea ghadhabu, kwa sababu hapo palikuwa na kazi ya mikono ya mtu fulani, mahali fulani, katika msimu fulani, na mtu huyo alikuwa amefutwa kabisa.

Nilimjua mahali pengine. Wageni walipokwenda kupiga picha, nilitembea hadi uani kwenye mizani, ambako mzee mmoja alikuwa akipanga kreti tupu. Nilimwamkia, nikamweleza mvinyo nilioupenda, nikamuuliza kama anajua zabibu zake. Alijibu bila kusita. Zilitoka Mpunguzi, kwa wakulima wachache waliopakana, zilivunwa kiangazi kilichopita, zilikatwa alfajiri kabla jua halijazipasha moto, na zilifika kiwandani siku hiyohiyo kwa sababu zabibu nyeupe ikichelewa kwenye lori huanza kuchacha yenyewe na kubadilika rangi. Aliniambia pia kwamba shamba mojawapo lina mchwa wengi na mwenye nalo hupanda upya mashina kila mara. Nilirudi kwenye meza nikainywa glasi ile upya, na ule uchachu nilioupenda nikaufahamu sababu yake. Maelezo hayo machache ya mzee wa mizani, ambaye hakulipwa hata shilingi moja ya kiingilio changu, yalikuwa ndiyo ziara yote.

Kwa hiyo ujuzi upo ndani ya kiwanda kilekile. Haukosekani, umewekwa mlango wa nyuma, wageni wakapewa mlango wa mbele. Jambo hilo limenichukiza kuliko ujinga wa kijana, na kwa kweli kijana nimeanza kumsamehe, kwa sababu aliyempa maneno ya kukariri ndiye mwenye dhamana.

Najua upande wa pili una hoja. Viwanda vyetu vingi hununua kwa wakulima wadogo wengi, huchanganya zabibu za vijiji mbalimbali kwenye tangi moja, na sehemu kubwa ya zao huuzwa kama mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, unaosafirishwa hadi Dar es Salaam kufungwa chupa huko. Kutenganisha matangi ni gharama. Hata hivyo mvinyo uliochanganywa nao una maelezo ya kweli: umechanganywa kutoka wapi na wapi, na kwa nini. Wenzetu wa Afrika Kusini wana sheria ya asili ya mvinyo tangu 1973, na chupa ikitaja eneo, zabibu zote lazima ziwe zimetoka eneo hilo. Wafaransa walianza utaratibu wao wa namna hiyo mwaka 1935. Wote walikuwa na wakulima waliochoka kuona bidhaa yao inauzwa bila jina lao, na wakulima wa Dodoma, ambao miaka mingine zabibu zimewakaukia mashinani kwa kukosa mnunuzi, wana sababu kubwa zaidi ya kutaka kijiji chao kijulikane. Mgeni aliyeipenda Chenin Blanc ya Mpunguzi ataiulizia kwa jina. Mgeni aliyeambiwa "Dodoma" atanunua chupa yoyote iliyo karibu, pengine hata ile isiyo na tone la zabibu ya kwetu.

Je, niwashauri watu waende? Asubuhi ya leo ningesema hapana. Nikiikumbuka glasi ile nasema nendeni, lakini ulizeni kabla ya kulipa: zabibu ni aina gani, kijiji kipi, zinamwagiliwa au zinategemea mvua, ni mavuno ya Machi au ya kiangazi, na je, zimechachushwa hapa au mchuzi umeletwa kutoka kwingine. Mkijibiwa kwa kicheko, rudisheni fedha zenu mfukoni, mtafute kiwanda kingine, maana hamko mbali na vingine. Mvinyo unastahili nyota zote. Ziara, kwa jinsi nilivyotendewa mbele ya wifi yangu, haistahili hata moja, na ninashindwa kuvijumlisha viwili hivyo vikawa alama moja ya haki.

Niliwaandikia uongozi. Wamejibu kwa adabu, wameomba radhi, na wamenialika nirudi bila malipo. Nimewajibu kwamba sihitaji kurudi bure. Waweke jina la kijiji na msimu wa mavuno kwenye chupa ile nyeupe, nami nitakwenda na nitalipa bei kamili.