Vikao 11, malipo 12: kliniki ya ushauri nasaha niliyoingia mitini

Nimehudhuria vikao 11, nimelipia 12. Hesabu hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika, maana wenzangu wawili wa ofisi ya walimu wameniuliza kama pale panafaa, nami nikiwajibu "panafaa" tu nitakuwa nimewaficha jambo.

Ni kliniki binafsi, ipo Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya pili. Jina nitampa atakayeniuliza pembeni. Chini hakuna bango, mlangoni pana namba tu, na kwa mwalimu anayejulikana na nusu ya Kimara hilo ni jambo kubwa. Kikao ni dakika 50, shilingi 60,000, unalipa kwa simu. Mama anayenisikiliza ana umri wa mama yangu mdogo. Namwamkia shikamoo kila nikiingia, naye anaitikia marahaba kwa upole kabisa kabla hajaanza kunibana.

Siku ya kwanza dada wa mapokezi alinisomea karatasi moja, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Ukifuta miadi zaidi ya saa 24 kabla, hulipi. Ukifuta ndani ya saa 24, unalipa nusu. Usipotokea na usiseme, unalipa yote. Ukichelewa, kikao kinaisha saa ileile. Niliitikia kila mstari kama mwanafunzi anayesubiri kengele, nikatia sahihi.

Masika yakaingia. Wanaotumia Mwendokasi wanajua: Jangwani ikijaa maji, basi linakomea Magomeni Mapipa na ng'ambo ya pili unaiona kwa macho tu. Miadi ilikuwa saa 10:30 jioni. Saa 9:40 nilikuwa nimesimama kibarazani pa duka la mabati na watu kama thelathini, suruali nimeikunja hadi magotini, naandika meseji ya kuomba radhi. Jibu lilikuja haraka: "Pole mwalimu, tumeona Jangwani. Leo hukatwi. Ukitaka, Mama anaweza kukupigia." Nikaangalia wale thelathini. Nikasema asante, wiki ijayo.

Basi nikadhani nimeshawajua, ni watu laini. Mwezi uliofuata mkuu wa shule akaitisha kikao cha walimu cha ghafla, nikatuma meseji saa 4 asubuhi ya siku ileile. Safari hii nikadaiwa 30,000. Nikapiga simu na sauti ya darasani. Dada akasema, "Ni kweli mwalimu, hukupenda. Nimetafuta mtu wa kuingia nafasi yako tangu asubuhi, sijapata." Nilikasirika, lakini nilielewa. Kinyozi usipokwenda anamkalisha mwingine aliyepo kwenye benchi. Mama hana benchi. Saa yangu ni yangu, na nisipokuja inabaki kiti kitupu. Bima nayo hailipii kiti kitupu.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Kikao kimoja tulikuwa tumegusa msiba wa baba, mambo ambayo nilikuwa nimeyazungushia ukuta miaka sita. Wiki iliyofuata nikapanda basi kama kawaida, nikashuka Magomeni. Hapakuwa na mvua. Nikaagiza mihogo ya kukaanga na kachumbari, nikaweka simu kimya, nikala taratibu hadi saa 11:20, muda ambao kikao kingekuwa kimekwisha. Kesho yake deni: 60,000. Nikajiambia basi, hawa wezi, siendi tena.

Nilikwenda. Mama hakuniuliza kwa nini sikuja. Aliuliza, "Saa ile ulikuwa wapi?" Nikasema Magomeni, nakula mihogo. Akauliza ilikuwa mitamu? Nikacheka, halafu kicheko kikageuka, na dakika 40 zilizobaki ndizo nilizozilipia kwa moyo mweupe kuliko zote. Deni hakulisamehe. Aliniruhusu kulipa kwa mafungu mawili.

Nasifu hilo kwa sababu nimeona kinyume chake. Mahali pengine nilikoanzia walinichukulia hela ya vikao vinne kwa mkupuo. Nikaugua malaria, nikawapigia kutoka kitandani, nikaambiwa kikao "kimeshaliwa". Kanuni hiyo haikuwa imeandikwa popote wala kusemwa na mtu. Na mshauri wao aliniahirisha mara mbili nikiwa nimeshafika mlangoni, bila hata pole ya maana. Hapa Upanga, Mama alipofuta asubuhi ya siku ya kikao, kilichofuata nililipa nusu, na wala sikuomba. Ndiyo maana vikao vyangu 11 ni malipo ya 10 na nusu. Nusu nyingine ni ya mkuu wa shule, na kimoja ni cha mihogo.

Sasa kasoro, na kwangu si ndogo. Meseji ya kukumbusha inatumwa saa 12 jioni, siku moja kabla. Miadi yangu ni saa 10:30. Piga hesabu: ikinifikia, zimebaki saa 22 na nusu. Wananikumbusha wakati mlango wa kufuta bure umeshafungwa. Nimemwambia dada wa mapokezi mara mbili. Mara ya kwanza aliandika kwenye daftari. Mara ya pili alifungua daftari, akanionyesha kwamba ameandika.

Tena viti vya mapokezi ni vya plastiki, na maji ya kunywa unajiletea.

Nyota nne. Kikao cha 12 ni Alhamisi, na safari hii kengele ya kufuta nimeiweka mwenyewe kwenye simu: Jumatano, saa 10 kamili jioni, nusu saa ya kujadiliana na nafsi yangu.