Uzoefu wangu: simu badala ya mashine ya kadi, na lipa namba pembeni, kwenye duka dogo Moshi mjini

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa kasoro moja nitakayoieleza huko chini, maana ndiyo inayokula pesa za wenye maduka.

Duka linauza kahawa ya kukaanga na vitenge. Wateja ni wa namna mbili. Mwenyeji analipa kwa lipa namba. Mgeni aliyeshuka mlimani hana laini ya M-Pesa, ana kadi, na mara nyingi shilingi zake zimeishia kwenye bakshishi za wapagazi. Kwa duka linalopata kadi nne au tano kwa siku sikuona sababu ya kukaa na mashine ya benki, karatasi zake na chaji yake. Natumia programu inayoifanya simu ya Android yenyewe isome kadi: unaandika kiasi, mteja anagusisha kadi mgongoni mwa simu, basi.

Kabla ya kujiandikisha, hakikisha simu ina NFC, ile teknolojia inayosoma kadi kwa kugusisha. Wengi hukwama hapa. Simu za bei ya kati na chini zinazouzwa madukani kwetu nyingi hazina, na toleo lenye jina lilelile laweza kuwa na NFC likiuzwa nchi moja na kukosa likiuzwa nyingine. Usimwamini muuzaji, fungua mipangilio, ingia kwenye miunganisho, tafuta neno NFC. Lisipoonekana, hakuna programu itakayolileta. Kitu cha pili ni usalama wa simu yenyewe. Simu iliyorutiwa, yaani iliyoondolewa ulinzi wa mfumo wake, inakataliwa moja kwa moja, na hata ukiwa umewasha tu zile chaguo za wasanidi programu, huduma inaweza kugoma bila kueleza vizuri. Ukiona ujumbe wa "kifaa si salama" kwenye simu mpya kabisa, angalia hapo kwanza.

Makaratasi ni ya kawaida: kitambulisho cha NIDA, TIN, leseni ya biashara na akaunti ya benki. Jina la akaunti lifanane na jina la kwenye leseni herufi kwa herufi. Tofauti ya neno moja tu inatosha kusimamisha ombi.

Sasa kugusisha kwenyewe. NFC inasoma kwa umbali wa sentimita nne hivi, na kwenye simu si mgongo wote unaosoma. Antena iko sehemu moja, aghalabu karibu na kamera au katikati. Itafute mapema: chukua kadi yako, iteremshe polepole kutoka juu ya mgongo wa simu mpaka simu itetemeke, kisha bandika kipande cha stika hapohapo. Mteja ataona pa kuweka kadi, na hutamwambia "jaribu tena, dada" mara tatu mbele ya foleni. Kadi ikae imetulia kwa sekunde moja au mbili. Wengi huipitisha kama wanafuta vumbi, ndiyo maana inakataa. Itolewe kwenye pochi pia, kwa sababu kadi mbili zikiwa pamoja simu haijui isome ipi. Kava lenye bamba la chuma, au ile pete ya sumaku ya kushikia simu kwenye gari, linaweza kuziba mawimbi.

Kadi isiyo na alama ya mawimbi manne haitasomeka, hata iwe na chipu, kwa sababu simu haina tundu la kuichomeka. Na hata yenye alama inaweza kugoma. Hili halimo kwenye maelezo ya programu, na ndilo lenye thamani kubwa kwa duka la watalii. Kwa kadi nyingi za Uingereza, benki huweka kikomo cha kiasi cha kugusisha kwa mara moja. Kadi za Ulaya nazo zina kaunta ndani: baada ya kugusisha mara kadhaa mfululizo, benki inataka uthibitisho wa namba ya siri. Kadi nyingine inakubali namba hiyo iandikwe kwenye kioo cha simu yako, nyingine inataka ichomekwe kwenye mashine, na huna mashine. Mteja atakuapia kuwa kadi yake ina pesa, na kweli inazo.

Njia ya kutoka ni rahisi. Muulize kama kadi hiyohiyo ameiweka kwenye simu au saa yake, Apple Pay au Google Pay. Akilipa kwa simu, uthibitisho unafanyika kwa alama ya kidole au uso kwenye simu yake mwenyewe, kwa hiyo kile kikomo cha kadi hakimgusi. Kwangu hili limeokoa mauzo mengi kuliko kitu kingine chochote kwenye programu. Asipokuwa nayo, mwelekeze mashine ya kutolea pesa iliyo karibu. Usikubali akusomee namba za kadi uzichape mwenyewe, wala usiipige picha kadi. Malipo ya namba zilizochapwa ndiyo yanayopingwa kirahisi mgeni akishafika kwao, na pesa inarudishwa kutoka kwako.

Bei iandikwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa zinazouzwa hapa nchini kwa fedha za kigeni, kwa hiyo wale waliozoea kuandika "dola 15" kwenye pakiti ya kahawa wabadilishe kibao. Benki ya mgeni itabadilisha yenyewe. Akiuliza ni dola ngapi, mwambie kwa makadirio, usiandike popote.

Makato uyapigie hesabu kabla ya kusaini, si baada. Tuseme mkataba unasema asilimia 3: kitenge cha 40,000 kinakuachia 38,800, na mzigo wa kahawa wa 150,000 unakuachia 145,500. Kama faida yako kwenye pakiti ni ndogo, makato yanakula sehemu kubwa ya faida wala si ya bei, na hapo ndipo mangi mwenzangu hushangaa mwisho wa mwezi. Uliza pia pesa inaingia benki lini, na wikendi inahesabiwaje. Mauzo ya Ijumaa jioni yasiwe ndiyo unayoyategemea kulipia mzigo wa Jumamosi.

Nirudi kwenye ile nyota ya tano. Mtandao ukiyumba katikati ya muamala, kioo kinabaki kimeandika "inaendelea" na hakisemi kama benki imeshakata au bado. Mteja ana haraka, gari la kwenda uwanja wa ndege wa KIA linapiga honi, na mkono unawasha kumwambia agusishe tena. Usifanye hivyo. Fungua historia ya miamala kwanza, subiri dakika mbili, onyesha upya. Ikiwa muamala haupo kwenye historia kabisa, rudia. Ukiwepo kama "inaendelea", andika namba ya kumbukumbu na mwombe mteja aangalie programu ya benki yake. Ukirudia bila kuangalia unaweza kumkata mara mbili. Kufuta muamala siku hiyohiyo kabla hesabu za siku hazijafungwa ni kubonyeza kitufe tu. Hesabu zikishafungwa inakuwa marejesho, na hayo huchukua siku kadhaa kumfikia huko aliko. Programu nzuri ingepaswa kufunga kitufe cha kuanza upya mpaka jibu lirudi. Hii haifungi.

Intaneti inayotumika kwa muamala mmoja ni kidogo sana, bando la mawasiliano ya kawaida linatosha. Kinachotakiwa ni mtandao usiokatika, si kasi. Weka laini mbili za mitandao tofauti kwenye simu hiyo. Umeme ukikatika, Wi-Fi ya duka inazima lakini simu inaendelea, na hapo simu inaishinda mashine inayotegemea ruta.

Upande wa lipa namba sina mengi, watu wanaijua. Namba moja inapokea kutoka M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa, na kama stika yako ina msimbo wa TANQR, ule wa kiwango kimoja cha Benki Kuu, mteja anaweza kulipa pia kwa programu ya benki yake. Mambo matatu tu. Kwanza, msimbo wa kwenye stika haubebi bei, mteja ndiye anayeandika kiasi, na sifuri moja ikidondoka 150,000 inakuwa 15,000. Soma kiasi kwenye meseji, usitosheke na kusikia simu imelia. Pili, angalia stika kila asubuhi, uipapase kwa kidole. Kuna wanaobandika yao juu ya yako. Mwambie mteja asome jina la biashara kabla ya kuweka namba ya siri. Tatu, meseji anayokuonyesha mteja kwenye simu yake si malipo. Malipo ni meseji iliyoingia kwenye simu ya duka kutoka kwa mtandao wenyewe, na ukiwa na shaka fungua menyu uangalie salio. Kutunga meseji inayofanana na ya mtandao ni kazi ya dakika moja.

Akija mtu, au akipiga, kusema amekosea kutuma na anaomba umrudishie kwa namba nyingine, usitume chochote kutoka mfukoni. Apige 100, mtandao wake uurudishe muamala uleule. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" tumeshawazoea, lakini huyu wa dukani huja na uso wa upole. Meseji za utapeli zipeleke 15040.

Tena, risiti inayotokea kwenye programu ya kadi si risiti ya TRA. Ni uthibitisho wa malipo tu. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, unaitoa palepale kama ungepokea taslimu, na kiasi chake kiwe bei kamili aliyolipa mteja, si kile kilichobaki baada ya makato. Kosa hili linaonekana hesabu za benki zinapolinganishwa na za EFD.

Simu ya kupokelea iwe ya duka, si ya mtu. Isiwe na michezo wala WhatsApp ya familia, iwe na namba ya siri ya kufungulia, na muuzaji apewe akaunti yake ndani ya programu ambayo inapokea lakini hairejeshi pesa. Jioni, kabla ya kufunga, jumla ya programu, jumla ya lipa namba na jumla ya risiti viwekwe pamoja kwenye daftari. Kuna siku itapungua pakiti moja ya kahawa, na mara nyingi utaikuta kwenye ule muamala ulioachwa "inaendelea".