"Maiti haina haraka"

"Anti, maiti haina haraka." Hivyo ndivyo dereva alivyonijibu, mama yangu ameketi nyuma ya gari, kiganja juu ya jeneza la baba, anasikia kila neno.

Tulikuwa tumeelewana na hawa wauza majeneza wenye gari la maiti. Ijumaa saa nne wachukue mwili mochari Kisumu, saa saba tuwe nyumbani Maragoli. Kibali cha mazishi nilikuwa nacho, bili ya hospitali imelipwa, pesa za gari nimetuma zote. Wakafika saa kumi! Kufika Kiboswa, kijana akaegesha kando ya soko, akazima injini. Eti kutoka Majengo kuingia kwetu ni matope matupu, niongeze elfu tatu. Nikamwambia watu wanatungoja bomani tangu asubuhi na giza linaingia. Ndipo akanitolea hayo ya haraka, macho kwenye simu. Na si kibarua, ni mjukuu wa mwenye biashara. Nililipa. Ningefanya nini, nishuke na jeneza?

Nilitaka kuishia hapo na kuwaambia msikanyage kwa hao watu. Lakini yupo mzee.

Tulipokuwa tukishusha jeneza, mshikio mmoja ulimbakia binamu yangu mkononi. Usiku huo nilipiga simu nikafoka mpaka salio likaisha. Jumamosi alfajiri, umande haujakauka, mzee mwenyewe akashuka kwenye bodaboda, bisibisi mfukoni mwa koti. Hakujitetea. Alipiga magoti, akatoa zile skrubu fupi moja moja, akatia ndefu, kisha akauning'inia ule mshikio kwa uzito wake wote, mara mbili. Yeye alianza na vitanda na milango, Moi akiwa rais, zama za kusikilizia vifo redioni. Mtu akifiwa alimgongea usiku, naye akawasha karabai akapiga sanduku hadi kuche. Gari limekuja juzi tu, pamoja na wajukuu.

Alipomaliza akatoa daftari kuukuu lililofungwa kwa nailoni, akauliza jina la babu yangu. Akapekua, akalipata. Futi sita na inchi mbili, saipras, kuku wawili wamepokelewa, shilingi 40 bado. Mama akacheka, mara yake ya kwanza wiki ile, akamtolea noti ya mia kulipa deni la baba mkwe wake. Mzee akaipokea, akapiga mstari kwenye daftari, akahesabu chenji sitini.

Haya, moyo wangu ukawa umelainika kabisa. Nikabonyeza nyota nne papo hapo kwenye simu. Halafu nikamwuliza, na elfu tatu zangu je, mzee? Akafunga bisibisi kwenye kitambaa taratibu. "Binti yangu, gari ni la kijana. Mimi ni wa mbao."

Nimerudisha nyota mbili.